Mashairi Yaliyozuru London

Usitucheke. Chama chetu cha Kiswahili hapa Meru nusura kitupe pesa ovyo.

Wenzetu wa Embu walikuwa wamerekodi mashairi, wakayaweka kwenye seva iliyoko Nairobi. Wao waliyapakua kabla chai haijapoa. Sisi je? Jioni nzima, na kengele ya prepu ikatukuta kwenye asilimia 12! Wengine wakasema ni mvua, wengine ati kompyuta zimezeeka. Mweka hazina akawa tayari kulipia kifurushi kikubwa zaidi.

"Ngojeni kwanza," mwalimu wa kompyuta akatwambia. Tukachomeka waya badala ya kutegemea Wi-Fi. Wapi! Tukajaribu alfajiri, watumiaji wakiwa wachache. Bado. Lakini faili za kwingine zilikuja mbio. Kisha mwalimu akatumia intaneti ya simu yake, ya kampuni nyingine, na mashairi yakashuka kama maji. Basi kompyuta na seva hazikuwa na kosa. Kosa lilikuwa njiani.

Akaandika tracert na jina la seva. Amri hiyo huorodhesha vituo ambavyo data hupitia, pamoja na muda wa kwenda na kurudi kwa milisekunde. (Ukiona vinyota usishtuke, vituo vingine hukataa tu kujibu.) Lo! Baada ya Nairobi tukaona London, muda ukaruka kupita 150, ndipo safari ikarejea Nairobi. Ni kama abiria wa Chuka aendaye Runyenjes kupitishwa Mombasa! Na kwa kuwa seva hutuma vipande kadhaa kisha hungoja kujibiwa kwamba vimefika, mzunguko mrefu huchelewesha faili nzima.

Kumbe zamani ndivyo ilivyokuwa kawaida. Kampuni za Kenya zilipelekeana data kwa setilaiti kupitia ng'ambo, mpaka KIXP, kituo cha kubadilishana data, kilipoanzishwa Nairobi mwaka 2000. Kilifungwa upesi baada ya Telkom Kenya kulalamika, kikafunguliwa tena 2002. Hata hivyo, kampuni mbili zisipopokezana data hapo, au moja ikikosea kupanga njia, safari ya ng'ambo hurudi pale pale.

Kifurushi kikubwa hakingenyoosha njia hiyo. Tukaiandikia kampuni yetu, tukaambatanisha orodha ya vituo na saa tulizopima. Wakatujibu tuzime ruta, tuiwashe. Tukaandika tena, safari hii tukaongeza na vipimo vya simu ya mwalimu. Siku ya nne njia ikanyooka: milisekunde 15. Mashairi tuliyasikiliza usiku huo huo, na pesa ya mweka hazina ndiyo iliyonunua karatasi unayosoma.