Gemu inakwama? Usikimbilie kadi ya grafiki

Kila likizo ya shule ikikaribia, vijana na wazazi wao huniuliza swali moja: kompyuta ya gemu inakwamakwama, tununue nini? Wengi wao huwa washajijibu. Wameambiwa dukani, au wameona YouTube, kuwa dawa ni kadi ya grafiki. Kadi ndiyo kifaa ghali zaidi katika kompyuta nzima ya gemu, na mara nyingi si yenye makosa.

Nitaeleza kwa mfano wa mpwa wangu, barobaro wa Kisauni aliyefuata biashara ya babake hadi Tulia, upande wa Kitui, akafungua huko chumba cha gemu chenye kompyuta nne. Jina la mahali ni Tulia, lakini kompyuta zake ndizo zilizokataa kutulia. Watoto wanalipa kwa nusu saa, na mtoto akilipa kisha mpira ukawa unarukaruka, wachezaji wanaganda halafu wanatokea kwengine, kesho harudi. Kwa hivyo kwake si mchezo, ni riziki. Akanipigia: "Mjomba, nimepata GTX 1060, mwenye duka ataka nitume pesa leo aiweke kwenye basi." Pesa zenyewe zilikuwa akiba yake ya miezi mitano. Nikamwambia subiri, kwanza niambie kompyuta zako ni aina gani.

Zilikuwa zile deskitopu tunazozijua sote, zilizotumika maofisini Ulaya kisha zikaletwa kwetu, maarufu "ex-UK". Kwake ni Dell OptiPlex 7040 zile ndogo nyembamba, zenye prosesa ya Core i5-6500 ya mwaka 2015. Ni mashine nzuri na imara kwa bei yake. Lakini ziliundwa kwa ajili ya karani wa ofisi, na boksi lake la umeme lina wati 180 tu. GTX 1060 peke yake inakula wati 120, inataka waya wa umeme wa pini sita ambao boksi lile halina, na ni ndefu kwenda juu kuliko kasha lenyewe. Angeipokea stejini, akaifungua, akaitazama, basi. Na maduka mengi yanayouza vifaa vilivyotumika hayarudishi pesa.

Sasa tuanze mwanzo. Gemu "kuteleza" maana yake nini? Picha inayosonga kwenye skrini ni mfululizo wa picha zilizosimama, ziitwazo fremu. Skrini nyingi tulizonazo hubadilisha picha mara 60 kwa sekunde, kwa hivyo kompyuta ina takriban milisekunde 16.7 kuitayarisha kila fremu. Ikitoa fremu 30, kila moja imepata milisekunde 33. Jicho linaweza kuzoea 30 zinazokuja kwa mpangilio. Kisichovumilika ni fremu 50 zilizokuja haraka, kisha moja ikachelewa robo sekunde. Huko ndiko kukwama, na ndiyo sababu mtu anaweza kuona namba kubwa pembeni mwa skrini na bado gemu ikamkera. Kwenye gemu za ngumi ni balaa zaidi. Tekken 7 imefungwa kwenye fremu 60, na kompyuta ikishindwa kuzifikisha, pambano zima hupunguza mwendo kama watu wanaopigana ndani ya maji. Sylvia Gathoni, Mkenya mwenzetu anayejulikana kwa jina la QueenArrow, amejenga jina lake kwenye Tekken. Kwa mchezaji wa kiwango hicho fremu moja ni kupiga au kupigwa.

Kila fremu hupitia mikono mingi. Prosesa huhesabu nani yuko wapi na mpira unaenda wapi, RAM hushikilia vitu vinavyotumika sasa hivi, diski huleta vitu kutoka ghalani, na kadi ya grafiki huchora. Mmoja akichelewa, wote wanamngoja. Ukimwongezea nguvu mchoraji na hali anayechelewa ni mleta vitu kutoka ghalani, umempatia mchoraji nafasi ya kukaa bure.

Kumjua anayechelewa ni bure. Fungua gemu, cheza dakika kumi hadi ikwame, kisha bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Itatokea Task Manager ya Windows. Nenda sehemu ya Performance uangalie. Kadi ikiwa inafanya kazi asilimia 95 na zaidi wakati wote, basi mchoraji ndiye aliyelemewa. Prosesa ikiwa imejaa na kadi iko asilimia 50, kadi mpya haitakusaidia kitu. RAM ikijaa, au diski ikasimama kwenye asilimia 100, jawabu limepatikana. Mpwa wangu alipofanya hivyo, diski ilikuwa asilimia 100 na RAM imebaki kidogo mno. Kadi wala hakuwa nayo; alikuwa akitumia grafiki iliyomo ndani ya prosesa.

Lakini kabla ya yote hayo, vumbi. Nilimwambia afungue kasha, na picha aliyonitumia wallahi ilifanana na kiota cha ndege. Udongo mwekundu wa Ukambani wakati wa kiangazi hauachi kitu. Kwetu pwani ni mchanganyiko wa vumbi, unyevu na chumvi ya bahari, ambao hugandamana kwenye feni kama uji na kula miguu ya shaba. Prosesa ikipata joto, kukaribia nyuzi 100, hujipunguzia mwendo yenyewe ili isiungue. Ukiona gemu inaenda vizuri dakika kumi za kwanza kisha inaanza kuchoka, shuku joto kwanza.

Kusafisha kwenyewe: zima, chomoa waya, toka nje, tumia blowa. Ushikilie feni kwa kidole ili isizunguke wakati unapuliza, maana ikizungushwa kwa nguvu huharibika. Usipanguse kwa kitambaa cha maji. Halafu kuna ile dawa ya kijivu inayopakwa kati ya prosesa na chuma cha kupoza. Baada ya miaka minane au tisa huwa imekauka kama chokaa. Ipanguse kwa spiriti, paka mpya, kiasi cha punje ya mbaazi, usijaze. Gharama yake ni ndogo kuliko chakula cha mchana cha watu wawili. Na kasha lisiwekwe sakafuni wala kusukumwa ukutani. Mkaao karibu na bahari, kompyuta isikae miezi bila kuwashwa, kwa sababu joto lake lenyewe ndilo linaloukausha unyevu.

Baada ya hapo, RAM. Kompyuta nyingi za ofisi huja na kipande kimoja cha GB 8. Gemu za siku hizi, pamoja na Windows yenyewe, na kijana aliyeacha kurasa ishirini za mtandao wazi, hazitoshei hapo. GB 16 ndicho kiwango cha kutulia. La muhimu zaidi, viwe vipande viwili vinavyofanana, kwa sababu vikiwa viwili data hupita njia mbili badala ya moja. Kwa mtu asiye na kadi, kama mpwa wangu, faida hii ni kubwa kupita wanavyodhani watu, kwani grafiki iliyomo ndani ya prosesa haina kumbukumbu yake; inakopa kutoka RAM hiyohiyo. Angalia tu usinunue DDR3 kwa mashine ya DDR4. Haziingiliani, pengo la chini limekatwa mahali tofauti.

Kisha diski. Diski ya zamani ina sahani inayozunguka na sindano inayotafuta. Faili moja kubwa huisoma MB 100 hadi 150 kwa sekunde, na vipande vidogovidogo vilivyotawanyika, ambavyo ndivyo gemu inavyotaka, huenda polepole zaidi ya hapo. SSD ya kawaida ya SATA hufika karibu MB 500, wala haina sindano ya kungojea. Gemu zenye mji mkubwa wa kuzunguka, mfano GTA V, huleta mitaa kutoka kwenye diski ukiwa njiani unaendesha gari. Diski ikichelewa, gari linaganda. SSD haitakuongezea fremu kwenye gemu ambayo kadi ndiyo iliyolemewa, hilo nalo tuseme ukweli, lakini kuganda kwa ghafla huku, na ule muda wa kuingia gemu unaoweza kumaliza kikombe cha chai, vitapungua sana.

Ikiwa haya yote yametimizwa na Task Manager bado inaonyesha mchoraji kalemewa, ndipo tuzungumze kadi. Pima mambo matatu kabla ya kutuma hata shilingi. Urefu: makasha membamba hukubali kadi fupi tu, zenye kimo cha kama sentimita 7. Umeme: tundu la kwenye mazabodi hutoa wati 75 kwa kiwango cha juu, kwa hivyo bila waya wa ziada unahitaji kadi isiyovuka hapo. GTX 1050 Ti na GTX 1650 zipo za aina hiyo, fupi na za wati 75, ingawa baadhi ya 1650 zimetiwa tundu la pini sita, kwa hivyo itazame kadi yenyewe usitazame jina. La tatu ni njia ya data. RX 6400 ya mwaka 2022 inakula wati 53 tu na inavutia, lakini inatumia njia nne pekee za PCIe, na kwenye mashine ya kizazi cha sita hupoteza sehemu ya nguvu zake.

Na jihadharini na kadi bandia. Kuna kadi kuukuu zilizobadilishwa programu ya ndani zikajitambulisha kuwa 1050 Ti. Programu ya bure iitwayo GPU-Z huzigundua, na huandika FAKE waziwazi. Mwambie muuzaji aiwashe mbele yako. Akikataa, nenda zako. Vilevile, baada ya Ethereum kuacha uchimbaji wa kadi tarehe 15 Septemba 2022, kadi nyingi zilizofanyishwa kazi usiku na mchana ziliingia sokoni. Si lazima ziwe mbovu, lakini feni zake huwa zimechoka, na bei yake iwe ya kitu kilichochoka.

Kuna kosa moja dogo ambalo hukutwa hata kwa mafundi. Mtu anatia kadi mpya, kisha waya wa skrini anauchomeka palepale pa zamani, kwenye mazabodi. Kadi imekaa ndani haina kazi. Waya wa skrini uchomekwe kwenye kadi.

Prosesa sipendekezi kuibadilisha isipokuwa imethibitika ndiyo yenye kuchelewesha. Mashine ya i5-6500 inaweza kupokea i7-6700, lakini haipokei ya kizazi cha nane, hata kama tundu lina jina lilelile la LGA1151. Wengi wameliwa pesa hapo.

Mpwa wangu amefanya usafi wa kompyuta zote nne, akanunua RAM na SSD za mbili, na akashusha vivuli na ukubwa wa picha kutoka 1080 hadi 900 kwenye gemu za mpira. Akiba yake haijaisha. Kadi fupi ya 1650 ataitafuta baadaye, moja kwanza, aone inavyolipa.

Wanaocheza mtandaoni wasichanganye mambo. Ping ikiwa kubwa, adui anaruka huku picha yako wewe inateleza vizuri, na hilo ni suala la laini na umbali wa seva. RAM haiwezi kulitibu. Tumia waya badala ya Wi-Fi kwanza. Na umeme wetu unaopanda na kushuka unaua boksi la umeme na SSD pamoja, basi mlinzi wa umeme, au UPS ukiweza, uwe kwenye orodha ya manunuzi hata kama hauongezi fremu moja.

Kwa anayetaka kununua mashine nzima sasa hivi, kuna jambo la kutazamwa. Windows 10 iliachwa kuhudumiwa na Microsoft tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 rasmi hutaka prosesa ya Intel ya kizazi cha nane kwenda juu. Baadhi ya gemu nazo zimeanza kudai: Valorant, kwenye Windows 11, haifunguki bila TPM 2.0 na Secure Boot. Mashine za kizazi cha nne na cha sita zinauzwa rahisi sasa kwa sababu hiyo hiyo. Kwa kijana wa gemu za zamani si neno. Kwa anayetaka mpya, aongeze kidogo apate i5-8500, yenye viini sita badala ya vinne, na achague kasha pana.