Hodi Chomboni

Mwenye kuvuka daraja la Kilifi akitazama upande wa hori huona milingoti ya mashua za matanga zilizotulia majini. Baadhi yake ni za matembezi tu, na wenyewe wana majumba yao pwani. Lakini zipo ambazo ndizo nyumba. Mume, mke na pengine watoto wawili huishi humo mwaka mzima, wakilala, wakipika na kusoma katika nafasi isiyozidi chumba kimoja cha Mji wa Kale. Siku moja tulipokuwa tukipita hapo ndani ya matatu, jirani yangu aliniuliza swali ambalo sikulitarajia. Hakuuliza kama watu hao hawaogopi mawimbi. Aliuliza, "Sasa huyu akiishiwa na chumvi usiku, humwomba nani?"

Humwomba jirani, maana majirani anao, na ujirani wao una adabu zake. Aliyetangulia kutia nanga ndiye mwenye haki ya mahali. Anayefika baadaye hana budi kukaa mbali ya kutosha, kwa kuwa chombo huizunguka nanga yake kila upepo unapogeuka, na asiyekadiria urefu wa mnyororo wa mwenzake ataamshwa usiku kwa kishindo cha mbao juu ya mbao. Wala hakuna arukaye tu na kuingia kwenye sitaha ya mwingine. Mgeni huja na kidau chake hadi ubavuni, akagonga, akaita, akangoja. Asipokaribishwa hugeuza kasia akarudi alikotoka. Hapa sisi hatuna la kufundishwa, bali nafsi yangu ilifurahi kusikia kwamba hodi imefika hata katikati ya bahari.

Asubuhi, penye vyombo vingi, husikilizana kwa redio kwenye mkondo waliokubaliana. Mmoja huongoza mazungumzo, na mara nyingi ni mwanamke. Nani amefika, nani anang'oa nanga, hali ya hewa ikoje, nani ana homa, nani ana mkanda wa mashine wa akiba. Mwenye cherehani nzito hushona matanga ya wengine. Aliyewahi kuwa muuguzi hugeuka tabibu wa bandari nzima. Watoto, ambao masomo yao huyapata mezani kwa mama au kwa baba, wakimaliza hesabu huruka majini kwenda kuwatafuta wenzao, hata kama hawana lugha moja.

Jioni hukutana ufuoni, kila chombo na sufuria yake. Kwa desturi, kila mtu huja na sahani na kijiko chake, kwa sababu hakuna jiko la mashua lenye vyombo vya kuwatosha watu ishirini, wala hakuna mwenye maji ya kuviosha. Maji matamu hupimwa kwa kikombe. Watu huoga kwa maji ya chumvi, kisha hujisuuza kidogo tu. Anayepika mkate wakati unga umekaribia kwisha bandarini, akakata nusu akampelekea jirani, ametoa kitu kikubwa, na mpokeaji anajua. Nadhani wanawake ndio waujuao uzito wa jioni hizo kuliko wote, hasa aliyekaa wiki tatu baharini akiongea na mtu mzima mmoja tu.

Kwa wasafiri wa Bahari ya Hindi, kwa miaka mingi mahali palipovuma kwa maisha ya namna hiyo palikuwa Salomon, katika visiwa vya Chagos, kama kilomita 500 kusini ya Maldivi. Ni visiwa vidogo vilivyopangika mviringo kuzunguka maji yaliyotulia kama birika. Viko karibu na Ikweta kiasi kwamba vimbunga vikali vya msimu haviwafikii, basi mwenye mashua aliweza kusubiri hapo miezi kadhaa mpaka upepo umfae kwa safari ya Ushelisheli, Bukini au huku kwetu. Hapakuwa na duka, hospitali wala kituo cha mafuta. Palikuwa na samaki, nazi, mvua ya kukinga kwa turubai, na majirani. Waliokaa hapo husimulia kwamba hawajawahi kuwa na ujirani wa karibu kama ule.

Hata hivyo, kwenye kisiwa cha Boddam, vyombo vilipotia nanga, palikuwa na vitu vingine. Palikuwa na kisima cha kale, ambacho maji yake yaliwafaa wasafiri kwa kufulia. Palikuwa na kanisa lisilo na paa, kuta za nyumba zilizoshikwa na mizizi, na makaburi. Minazi ilisimama kwa safu, na minazi haijipandi kwa safu.

Visiwa vile vilikuwa na wenyewe. Mababu zao wengi walitolewa Bukini na Msumbiji kama watumwa, katika karne ya 18 na ya 19, wakatumikishwa kwenye mashamba ya minazi. Wajukuu wao walizaliwa hapo, wakazikana hapo, wakawa watu wa hapo, wakivunja nazi na kukausha mbata kama wafanyavyo watu wa pwani yetu. Mwaka 1965 Uingereza ilivitenga visiwa hivyo na Morisi, kisha ikaikodishia Marekani kisiwa kikubwa, Diego Garcia, kwa ajili ya kambi ya kijeshi. Kati ya 1968 na 1973 wakaazi wote, ambao kwa makadirio ya kawaida walikuwa baina ya 1,500 na 2,000, waliondolewa. Si Diego Garcia peke yake iliyohamwa. Hata Salomon, iliyo mbali na kambi hiyo, ilihamwa.

Liseby Elysé alikuwa na miaka ishirini na mimba ya miezi minne alipopandishwa meli kutoka Peros Banhos, jirani wa Salomon, mwaka 1973. Safari hadi Morisi ilikuwa ya siku nne, ndani ya meli iliyosongamana. Mtoto wake hakuishi. Mwaka 2018 ushahidi wake ulisikilizwa kwa video mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki huko The Hague, akiongea kwa Krioli, lugha yake, kwa kuwa hakujua kusoma wala kuandika. Mwaka uliofuata mahakama ilitoa maoni kwamba kutengwa kwa visiwa kulikuwa kinyume cha sheria, na kwamba Uingereza iache kuvitawala haraka iwezekanavyo.

Siwalaumu watu wa mashua. Hawakumfukuza mtu, na wengi wao walijua habari hizi na kuzisimulia. Lakini kwa miaka mingi familia za Ulaya na Marekani ziliweza kufua nguo kwenye kisima cha Boddam, ilhali waliokichimba na watoto wao walikuwa wakizeeka katika vibanda vya mabati vya Port Louis bila ruhusa ya kurudi. Ukarimu ulikuwa mwingi sana mahali pale, ila mwenye nyumba hakuwepo kupigiwa hodi.

Siku hizi kukaa kule ni kwa kibali kinachoombwa mapema, na kanuni za Waingereza zimekiwekea kikomo cha siku 28, kwa chombo kilicho safarini chenye bima. Wachagos wenyewe waliruhusiwa kuzuru mwezi wa Aprili 2006, watu wapatao mia moja, wakakaa kwa muda mfupi na kusafisha makaburi ya wazee wao. Liseby Elysé alirudi Peros Banhos Februari 2022, katika msafara ulioandaliwa na Morisi bila kusindikizwa na Waingereza, umri wake ukiwa miaka 68. Mei 2025 Uingereza na Morisi zilitia saini mkataba wa kurudisha visiwa, Diego Garcia ikibaki kambi kwa miaka 99.

Nilimweleza jirani yangu yote haya jioni moja, tukichambua mchele barazani. Alinyamaza kitambo, kisha akauliza kile kisima kina maji mpaka leo.