Mgonjwa wa kisukari, usiitazame sukari peke yake



Mgonjwa wa kisukari anaporudi kutoka kliniki, swali analokutana nalo nyumbani aghlabu ni moja tu: "Sukari imesoma ngapi?" Ikiwa imesoma vizuri, watu wa nyumbani humshukuru Mwenyezi Mungu na mambo huishia hapo. Kushukuru ni wajibu, lakini swali hilo halitoshi. Wagonjwa wa kisukari cha aina ya pili, yaani kile kinachowapata zaidi watu wazima, huuawa zaidi na maradhi ya moyo na kiharusi kuliko sukari yenyewe. Maradhi hayo huandaliwa kimyakimya na mambo ambayo kipimo cha sukari hakiyaoni.

Mwaka 1988 daktari wa Marekani, Gerald Reaven, alieleza kuwa sukari, shinikizo la damu na mafuta mabaya ya damu mara nyingi huandamana ndani ya mtu mmoja, na kwamba mzizi wake ni mwili kutoitii insulini. Baadaye kitambi nacho kikaongezwa. Wataalamu huita hali hiyo sindromu ya metaboliki. Sisi katika makala hii tutaiita mkusanyiko wa hatari.

VIPIMO VITANO

Mwaka 2009 taasisi kadhaa za kimataifa za kisukari na moyo zilikubaliana kwamba mtu ana mkusanyiko huu akiwa na mambo matatu kati ya haya matano:

1. Kiuno kipana. Kwa watu wa Afrika kusini mwa Sahara hutumika sentimita 94 au zaidi kwa mwanamume (inchi 37), na sentimita 80 au zaidi kwa mwanamke (inchi 31 na nusu).
2. Presha ya 130 kwa juu, au 85 kwa chini, au zaidi ya hapo. Au mtu anatumia dawa za presha.
3. Sukari ya 5.6 au zaidi kabla ya kula asubuhi, au mtu anatumia dawa za kisukari.
4. Mafuta ya damu yaitwayo trigliseridi kufikia 1.7 au zaidi.
5. Lehemu nzuri, ile inayosaidia kusafisha mishipa, kuwa chini ya 1.0 kwa mwanamume au chini ya 1.3 kwa mwanamke.

Hapa ndipo palipo na jambo la kuzingatia. Mgonjwa wa kisukari ameshaanza na kimoja. Akipata viwili vingine tu, tayari ameingia. Na hali hii haina maumivu wala homa. Mtu hulima, huchunga na kufanya biashara zake, huku mishipa ikiharibika.

HUTOKEAJE?

Insulini hutengenezwa na kongosho, na kazi yake ni kuifungulia sukari mlango iingie katika misuli. Mafuta yanapojazana tumboni na katika ini, misuli na ini huacha kuitii. Kongosho hulazimika kutoa insulini nyingi zaidi, mpaka linachoka na sukari hupanda. Wakati huo huo ini hutoa mafuta mengi katika damu, figo huzuia chumvi badala ya kuitoa, na mishipa hukakamaa. Kwa hiyo presha, mafuta na sukari si wageni watatu waliogongana mlangoni kwa bahati mbaya. Wametoka nyumba moja.

MBONA WAZEE WETU HAWAKUYAJUA HAYA?

Mkazi wa Mbulu au Hanang anaweza kusema: "Sisi ni wakulima na wafugaji. Wazee wetu walikunywa maziwa na kula nyama, wala hawakusikia habari za presha." Hoja hii ina ukweli ndani yake. Mwaka 1964 daktari George Mann na wenzake walichapisha matokeo ya kuwapima Wamaasai wanaume 400 wa Tanganyika. Chakula chao kikubwa kilikuwa maziwa na nyama, na bado dalili za ugonjwa wa moyo zilikuwa chache mno. Lakini watu wale walitembea na mifugo masafa marefu kila siku. Leo mjukuu wa mfugaji anakaa dukani Katesh, Haydom au Dongobesh kutwa nzima, anapanda bodaboda kwenda mahali pa dakika kumi kwa miguu, anakula ugali wa sembe, chipsi na soda, na maziwa na nyama bado anavitaka kama babu yake.

Hesabu za nchi yetu zinaonyesha mwelekeo huo. Utafiti uliochapishwa mwaka 1989 ulikuta kisukari kwa chini ya mtu 1 kati ya 100 katika vijiji vya Tanzania vilivyopimwa. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2012, kwa watu wa miaka 25 hadi 64, ulikuta kisukari kwa watu 9 hivi kati ya 100, na presha kwa watu 26 hivi kati ya 100. Tafiti hizo hazikupima watu wa umri mmoja wala sehemu zile zile, lakini tofauti hiyo si ya kupuuzwa.

UFANYE NINI?

Kwanza, pima kiuno chako leo. Chukua futi ya fundi cherehani, izungushe katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, toa pumzi, usome. Wala mwembamba asijidanganye, kwani presha na mafuta humpata naye pia.

Pili, ukienda kliniki usitosheke na sukari. Uliza presha yako ni ngapi. Omba kupimwa mafuta ya damu, na angalau mara moja kwa mwaka figo, macho na miguu.

Tatu, chakula. Hanang inalima ngano na alizeti, na mahindi tunayo. Tatizo ni kukoboa mno na kukaanga mno. Dona ni bora kuliko sembe. Jaza nusu ya sahani mboga za majani, maharage yawepo, ugali upungue. Chai isiwe na sukari, na chumvi ya siku nzima isizidi kijiko kimoja cha chai. Vitunguu saumu, ambavyo Mbulu inasifika kwa kuvilima, ni kiungo kizuri, lakini havichukui nafasi ya dawa. Ugoro na sigara viachwe. Pombe, mbali na uharamu wake, hupandisha trigliseridi.

Nne, tembea kwa haraka dakika 30, siku tano kwa wiki. Mwenye kilo 80 akipunguza kilo 4 tu, presha na sukari huanza kushuka. Anayetumia insulini au vidonge vinavyoshusha sukari azungumze kwanza na daktari, maana kupunguza chakula ghafla huweza kuishusha sukari mno. Dalili zake ni jasho, kutetemeka na kuchanganyikiwa.

Tano, Ramadhani. Mgonjwa ana ruhusa ya kisharia, basi asijitwishe asiyoyaweza. Anayetaka kufunga amwone daktari wiki sita hadi nane kabla, ili dawa zipangwe upya. Na futari ya kaimati, sambusa na uji wa sukari nyingi huweza kuharibu katika saa moja yale yaliyojengwa mchana kutwa.

Hivyo basi, ndugu msomaji, mgonjwa wako akirudi kliniki muulize maswali manne: sukari, presha, mafuta na kiuno. Mwili ni amana, na amana hukaguliwa yote.