Kompyuta Kuukuu na Mfumo Mpya: Ugonjwa Hutafutwa kwa Hatua

Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ya Marekani ilisitisha msaada wa kawaida kwa mfumo endeshi wake wa Windows 10. Mfumo ulioufuata, Windows 11, ulitolewa mwaka 2021. Huo hudai mashine iwe na chipu ya kutunza funguo za siri, iitwayo TPM 2.0, pamoja na prosesa ambayo, kwa upande wa Intel, kwa kawaida ni ya kizazi cha nane au baada yake. Kizazi hicho kilianza kuuzwa mwaka 2017. Kwa hiyo kompyuta mpakato nyingi za kabla ya hapo zimefungiwa mlango, ingawa zingali nzima.

Wenye mashine hizo, iwe ni shule, zahanati au mwanafunzi aliyenunua mtumba, wanayo njia nyingine, nayo ni kuweka mfumo wa bure wa Linux. Kiini cha mfumo huo kilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, wakati huo mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Finland. Lakini mara nyingi kazi ya kuuweka hukwama, na mwenye mashine huamua kwamba imekufa. Uamuzi huo una gharama. Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2024 ilieleza kwamba mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za vifaa vya umeme na elektroniki, na kwamba ni asilimia 22.3 tu iliyothibitika kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo.

Mbio za kupokezana kijiti

Kuwaka kwa kompyuta hufanana na mbio za kupokezana kijiti. Mkimbiaji wa kwanza ni programu ndogo iliyohifadhiwa katika chipu ya mashine. Katika mashine kuukuu programu hiyo ni BIOS, nayo husoma sehemu ya kwanza kabisa ya diski, yenye baiti 512 tu. Katika mashine za baadaye ni UEFI, ambayo hutafuta faili katika sehemu ya diski iliyotengwa kwa kazi hiyo. Kijiti hupokewa na kipakizi, kisha na kiini cha mfumo, na mwisho na programu ya usakinishaji. Fundi mwenye busara hutafuta kwanza mahali kijiti kilipoanguka.

Kabla ya yote, nyaraka zilizomo katika diski hazina budi kunakiliwa kwenye chombo kingine. Usakinishaji huweza kufuta kila kitu, na mashine hununuliwa nyingine, lakini daftari la alama za wanafunzi au kumbukumbu za wagonjwa hazinunuliki.

Dalili na maana zake

Mashine isipoitambua flashi, yafaa kwanza kutazama utaratibu wa kuwaka uliowekwa katika BIOS. Kadhalika, flashi iliyoandaliwa kwa UEFI pekee haisomeki na mashine ya BIOS. Wengine hunakili faili la mfumo ndani ya flashi kama wanakilivyo picha, ilhali lazima liandikwe kwa programu maalumu. Uzima wa faili hilo huhakikiwa kwa alama ya SHA-256, yenye tarakimu na herufi 64. Ikitofautiana na ile iliyotangazwa na watoaji hata kwa herufi moja, faili si zima. Tena, prosesa ya biti 32, kama Pentium M ya mwaka 2003, haiwezi kuendesha mfumo wa biti 64. Na Debian 13, iliyotolewa Agosti 2025, haina tena kisakinishi cha mashine za biti 32.

Skrini ikiwa nyeusi baada ya kiini kuanza, mara nyingi kasoro ni maelewano kati ya kiini na kadi ya michoro. Neno «nomodeset», likiongezwa katika amri za kuwasha, hukiamuru kiini kisibadili hali ya skrini, na mara nyingi picha hurudi.

Usakinishaji ukikatika katikati, swali ni hili: je, hukatika mahali pale pale? Ukikatika kila mara mahali pamoja, hushukiwa faili, flashi au diski. Ukikatika leo hapa na kesho pale, hushukiwa kumbukumbu ya RAM, ambayo hupimwa kwa Memtest86+ kwa saa kadhaa, au joto litokanalo na feni iliyojaa vumbi.

Ipo pia kasoro inayowasumbua wengi. Mfumo hukataa kupakua programu, ukidai kwamba idhini yake bado haijaanza kutumika. Chanzo huweza kuwa betri ndogo ya saa, mara nyingi CR2032 ya volti 3, iliyokwisha nguvu. Mashine huamini ingali katika mwaka ilioundwa, na saini ya leo huiona kama ya siku zijazo. Tarehe ikisahihishwa na betri ikibadilishwa, kazi huendelea.

Mwisho, usakinishaji ukikamilika lakini mashine isiwake, huenda kipakizi kimeandikwa katika flashi badala ya diski, au flashi iliwashwa kwa UEFI ilhali diski huwashwa kwa BIOS.

Jambo moja kwa wakati mmoja

Katika hatua zote hizi kanuni ni ile ya maabara: hubadilishwa kitu kimoja, hujaribiwa, na matokeo huandikwa daftarini. Anayebadilisha flashi, RAM na mpangilio wa BIOS kwa pamoja, hata akifaulu, hatajua ni lipi lililoponya. Mwenda pole hajikwai.

Si kila mashine huokolewa. Diski ambayo sehemu zake mbovu zinaongezeka haifai kuaminiwa, na RAM ya gigabaiti 2 huelemewa haraka na kurasa za intaneti za siku hizi. Hata hivyo, mashine hiyo huweza bado kuandika barua, kupiga hesabu na kumfundisha kijana jinsi kompyuta inavyoamka. Kabla ya kuitupa, yapasa ijulikane kwanza ni mkono upi ulioangusha kijiti. Huenda ni betri isiyozidi ukubwa wa sarafu.