Gereza Lililokuwa Kanisa

Msomaji mpendwa, ukijaliwa siku moja kuvuka bahari kuja Unguja na watoto wako, usiipite Ngome Kongwe hivi hivi. Imo mjini, pwani, imeelekea bustani ya Forodhani. Sisi tukaao Mbweni, kusini ya mji, twaiona kila twendapo kwenye shughuli zetu, na kwa kuizoea huko twakaa miaka bila kuingia. Likizo ya shule ilipofika nikasema basi, safari hii nakwenda na wanangu wawili. Mtoto wa jirani yetu akaomba kufuatana nasi. Jirani hao ni Waislamu nasi tu Wakristo, na watoto wamekua wakila sahani moja. Nalitaja hili kwa kuwa ndilo lililoniletea taabu.

Tulipanda daladala mpaka Darajani, kisha tukapita vichochoroni kwa miguu. Nenda asubuhi, maana jua la adhuhuri katika ua ule halina huruma, nawe chukua maji na maandazi. Kuta za ngome ni za mawe ya matumbawe na chokaa, ndefu, zenye minara ya duara. Waache watoto wakimbie kwanza. Mtoto aliyechoka miguu husikiliza vizuri zaidi.

Humo uani, katika ukuta wa ndani, yamesalia mabaki ya kanisa dogo la Wareno, lililojengwa kati ya mwaka 1598 na 1612. Waarabu wa Omani walipowashinda Wareno, mwisho wa karne ya 17, walijenga ngome yao mahali pale pale, na mawe ya kanisa yakaingia ukutani. Nikawaonyesha watoto. Mwanangu mkubwa akatazama sana, kisha akamgeukia mwenzake: “Kumbe watu wenu walibomoa kanisa letu?” Yule mwingine akainama, asijibu.

Ewe mzazi, ungesema nini hapo? Chuo cha ualimu tulikariri miaka kama kasuku: Vasco da Gama kufika Unguja, 1499, Fort Jesus kuanguka, 1698. Jibu la swali kama hili hatukupewa.

Nikawaketisha katika ngazi za ukumbi wa maonyesho uliomo uani, nikawaambia ya kuwa Wareno nao hawakuja na rozari peke yake. Mwaka 1503 nahodha wao mmoja, Ravasco, aliteka vyombo vya watu wa Unguja baharini, akamlazimisha mtawala wa hapa kutoa kodi ya dhahabu kila mwaka. Mkristo alikuwa, lakini ule ulikuwa unyang’anyi, wala sikuona sababu ya kuupaka sukari. Kisha nikawasimulia habari za Malkia Fatuma wa Unguja. Waomani walipoizingira Fort Jesus ya Mombasa, tangu 1696 hata 1698, malkia huyo, naye Mwislamu, alikuwa upande wa Wareno, akawapelekea chakula. Kwa ajili hiyo alikamatwa akapelekwa Maskati.

Mtoto wa jirani akainua kichwa. “Ami, alirudi?”

“Alirudi, baada ya miaka mingi.”

Mwanangu akanyamaza kidogo, akauliza: “Sasa yeye alikuwa wa kwetu au wa kwao?” Nikamwambia alikuwa wa Unguja.

Lakini kilichowafurahisha kuliko vyote ni neno moja. Ngome hii wenyeji waliiita Gereza, na wataalamu wa lugha husema neno hilo limetoka katika neno la Kireno, igreja, maana yake kanisa. Kanisa likawa ngome, na katika karne ya 19 ngome ikafungiwa wahalifu, nalo jina likadumu. Nikawaambia ya kuwa meza, bendera, leso na karata nazo zimetoka kwa Wareno. Basi ikawa mchezo. “Na chapati je, baba?” La, hiyo ya Wahindi. Walibishana hivyo mpaka maandazi yakaisha, na habari ya nani kabomoa nini haikurudi tena.

Mengine niliyapitia upesi: mwanzoni mwa karne ya 20 wajenzi wa reli ya Bububu waliweka vifaa vyao humo, baadaye mabibi wakacheza tenisi, na siku hizi hupigwa muziki usiku. Kwenye ngazi za mnara washike mikono wadogo, usiwaamini.

Jioni mama wa mtoto yule alikuwa mlangoni akitungoja. “Mlikuwa wapi kutwa nzima?”

“Gerezani, mama!” akajibu mwanawe kwa furaha. “Tena lilikuwa kanisa!”

Bibi yule akanitazama, mkono kifuani. Akanikaribisha chai, nami ikanipasa kuanza hadithi upya tangu kwa Ravasco, hata chai ikapoa.