Dubu kwa Mtoto wa Kiswahili: Mnyama wa Mbali, Lugha ya Karibu

Mtoto wa Kenya hulifahamu jina la dubu mapema, ingawa mnyama mwenyewe hamwoni. Hulisikia katika mafunzo ya Jumapili, Daudi anapomsimulia Sauli jinsi alivyopambana na simba na dubu waliovamia kondoo wa babaye. Hukumbatia mwanasesere wa dubu kabla hajajua kusoma. Baadaye hukutana naye tena katika ngano za Ulaya, ameketi mezani akinywa uji. Katika hali zote hizo, dubu ni ama adui wa kuuawa ama kitu cha kuchezewa. Ni nadra kumpata katika vitabu vya Kiswahili akiwa mnyama mwenye maisha yake mwenyewe, na pengo hilo ni la fasihi ya watoto kama lilivyo la somo la sayansi.

Hata huyo mwanasesere ana historia inayoigusa Afrika Mashariki. Mnamo 1902 Rais Theodore Roosevelt wa Marekani alikuwa akiwinda katika jimbo la Mississippi. Kiongozi wa msafara, Holt Collier, aliyewahi kuwa mtumwa, alimkamata dubu na kumfunga mtini ili rais apate kumpiga risasi. Roosevelt alikataa. Mchoraji vibonzo Clifford Berryman akakichora kisa hicho gazetini, na muda si muda wanasesere walioitwa kwa jina la utani la rais, Teddy, wakawa wanauzwa madukani. Jambo lisilosimuliwa sana ni kwamba dubu huyo aliuawa vilevile, kwa kisu, maadamu alikuwa amekwisha kujeruhiwa. Mwaka 1909 Roosevelt huyohuyo aliteremka Mombasa kuanza safari ya uwindaji, na huruma ya Mississippi haielekei kupanda meli pamoja naye: yeye na mwanawe Kermit waliua zaidi ya wanyama 500.

Mwanasesere, basi, humpa mtoto manyoya tu. Dubu wenyewe ni wa spishi 8, wanaoishi Asia, Ulaya na mabara mawili ya Amerika. Afrika nayo ilikuwa na dubu katika milima ya Atlas, kaskazini kabisa mwa bara, lakini walitoweka katika karne ya 19. Mwalimu wa Kakamega au Malindi hana budi kutegemea picha na maneno. Kishawishi chake huwa ni kufananisha umbo: mnyama kama mbwa mkubwa, mnene, mwenye mkia mfupi. Mfano huo haumfikishi mtoto mbali. Kinachomfanya mtoto aulize maswali ni yale ambayo dubu anaweza kuyafanya.

Tuchukue mathalani usingizi wake. Dubu mweusi wa Amerika Kaskazini huingia pangoni kabla ya majira ya baridi, na katika sehemu zenye baridi kali anaweza kukaa humo kwa miezi 5 hadi 7. Muda huo wote hali, hanywi, hakojoi wala haendi choo. Watafiti wa Alaska waliochapisha matokeo yao mwaka 2011 waligundua kwamba moyo unaopiga mara 55 hivi kwa dakika hushuka hadi mara 14, na mwili hutumia robo tu ya nguvu unazotumia kwa kawaida. Uchafu ambao kwa binadamu ungetoka kwa mkojo hugeuzwa tena kuwa protini inayohifadhi misuli. Mtu akilazwa kitandani kwa miezi kadhaa, misuli yake hunywea na mifupa hudhoofika. Dubu huamka, akatoka nje na kutembea. Aidha, jike huzaa humo pangoni. Watoto huzaliwa wakiwa na uzito usiofika nusu kilo, macho yamefumba, nao hunyonya maziwa ya mama asiyetia chochote kinywani.

Hapa ndipo lugha inapotiwa mizani. Mwandishi akisema kwamba dubu hulala “wakati wa kipupwe”, mtoto wa Pwani atashangaa, kwani kipupwe chake ni upepo mwanana na sweta ya asubuhi. Ni sababu gani hiyo ya kulala miezi 6? Kubuni istilahi moja ndefu nako hakusaidii. Istilahi humfaa anayelijua jambo tayari. Afadhali kueleza kwamba kinachomlaza dubu hasa ni njaa: theluji hufunika nyasi, mizizi na matunda ya porini, chakula kikaadimika. Mtoto wa kando ya Ziwa Victoria ana mfano bora zaidi mlangoni pake. Kamongo, samaki anayejua kuvuta hewa, hujizika matopeni maji yanapokauka, akalala hadi mvua inyeshe. Kamongo hulala kwa sababu ya ukame na dubu kwa sababu ya theluji, lakini wote wawili wanangoja. Mtoto aliyekwisha kumjua kamongo hahitaji zaidi ya sentensi mbili kumwelewa dubu.

Si dubu wote wanaolala hivyo. Dubu mweupe wa Aktiki, isipokuwa jike mwenye mimba, huwinda majira yote ya baridi, akimnusa sili aliyejificha chini ya theluji. Ngozi yake, chini ya manyoya meupe, ni nyeusi. Mwaka 2008 jike mmoja aliyefungwa kifaa cha kumfuatilia aliogelea kilomita 687 katika bahari iliyo kaskazini mwa Alaska, kwa siku 9 mfululizo, akitafuta barafu ya kukanyaga. Masafa hayo yanapita yale ya barabara ya Mombasa hadi Nairobi. Alifika, lakini mtoto aliyekuwa naye hakuonekana tena. Kisa hicho hakifai kufichwa watoto. Ngano zetu wenyewe hazikuwahi kuwaficha kifo.

Iwapo mwandishi atalazimika kuanza na dubu mmoja tu, na aanze na yule wa India na Sri Lanka anayekula mchwa. Huyu hana meno mawili ya mbele ya juu. Hubomoa kichuguu kwa kucha, akafumba matundu ya pua vumbi lisiingie, kisha akawafyonza mchwa kupitia pengo hilo kwa kishindo kinachosikika zaidi ya mita 100. Watoto wake husafiri mgongoni mwa mama, wameshikilia manyoya. Mtoto aliyewahi kukaa kando ya kichuguu baada ya mvua akingoja kumbikumbi watoke, na aliyebebwa mgongoni kwa leso, atamtambua mnyama huyo kabla hata ya kuonyeshwa picha.