Je, Wajua? Jicho Halioni Kila Kitu

Je, wajua sehemu unayoiona kwa ukali wote ni ndogo mno? Nyoosha mkono utazame ukucha wa kidole gumba: ni kiasi hicho tu. Kwingine kote ni ukungu, ndiyo maana jicho huruka huku na kule, kama mara tatu kwa sekunde.

Je, wajua pembe ya jicho haisomi herufi, lakini ni hodari kwa kitu kinachosogea? Dereva wa lori anayeteremka Sekenke kwenda Shelui hushtukia mbuzi akichomoka kichakani kabla hajatambua kuwa ni mbuzi.

Je, wajua kitunguu cheupe kimoja kwenye rundo la vyekundu hukiona papo hapo, hata rundo likiwa kubwa vipi? Lakini tafuta dumu la njano lenye kifuniko chekundu, katikati ya madumu ya njano yenye vifuniko vya bluu na meupe yenye vifuniko vyekundu: utakagua moja moja. Anne Treisman na Garry Gelade walieleza tofauti hiyo mwaka 1980.

Je, wajua kompyuta nayo hufundishwa pa kutupia jicho? Wazo la "ramani ya mvuto" lilitolewa na Christof Koch na Shimon Ullman mwaka 1985. Mwaka 1998 Laurent Itti, Koch na Ernst Niebur wakaonyesha programu inayopima mwanga, rangi na mwelekeo wa mistari, ikilinganisha kila sehemu ya picha na jirani zake. Inayotofautiana zaidi hushinda; kisha huzimwa kwa muda ili zamu iende kwa inayofuata.

Je, wajua programu hiyo haijui njaa? Ipe picha ya barabarani Shelui, itakimbilia mwavuli mwekundu wa muuza matunda. Utingo aliyeshinda bila kula atauruka mwavuli atafute moshi wa chipsi. Mrusi Alfred Yarbus aliwaonyesha watu mchoro uleule huku akibadilisha swali la kujibu kuuhusu. Njia ya macho nayo ikabadilika.

Je, wajua ukizama katika kuhesabu, sokwe anaweza kukupita usoni? Mwaka 1999 Daniel Simons na Christopher Chabris waliwapa watu kazi ya kuhesabu pasi za mpira kwenye video. Karibu nusu hawakumwona mtu aliyevaa vazi la sokwe akikatiza katikati ya wachezaji.

Je, wajua Serengeti iliwekewa kamera 225 zinazopiga picha zenyewe? Joto na mwendo huziamsha, hivyo nyasi zikipeperushwa nazo hupigwa: karibu robo tatu ya picha hazikuwa na mnyama. Maelfu ya watu wa kujitolea walizichambua mtandaoni. Mwaka 2018 watafiti walionyesha kuwa kompyuta iliyofunzwa kwa majibu yao ingeweza kufanya 99.3% ya kazi hiyo, kwa usahihi wa 96.6%, sawa na wao.

Je, wajua mashine inaweza kupendelea? Twitter ilitumia programu ya mvuto kuamua picha ikatwe wapi. Watumiaji walilalamika mwaka 2020, na uchunguzi wa kampuni yenyewe ukakuta inaelemea kidogo nyuso za Wazungu kuliko za watu weusi, na za wanawake kuliko za wanaume. Mwaka 2021 ikaanza kuonyesha picha nzima kwenye simu, na uamuzi wa kukata ukarudi kwa mwenye picha.